Betri ya gitaa inaisha kila wiki? Chomoa waya kwanza, kisha pima

Kila Jumatatu lazima swali hili lifike, ama kwa simu, ama mtu mwenyewe amesimama mlangoni na gitaa mgongoni: "Fundi, betri nimeweka juzi tu, leo imekufa. Hili gitaa lina nini?" Wengi ni wapigaji wa kwaya za hapa Kampala. Wengine hupiga simu kutoka Arua au Bwera wakiwa wameshanunua betri ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja. Mwenzako akikuuliza, mpe asome.

Jibu la haraka, kabla hujashika bisibisi: magitaa mengi ninayoletewa kwa lalamiko hili hayana ubovu wowote. Waya iliachwa ndani ya jeki, lile tundu la kuchomekea. Yanayobaki, mengi yana jeki mbovu, na machache sana ndiyo yenye priampu iliyoharibika, yaani ile saketi ndogo ndani ya gitaa inayokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Tafuta kwa mpangilio huohuo: mazoea yako kwanza, jeki pili, priampu mwisho. Watu wengi huanzia mwisho, wanafungua priampu nzima, na wanaongeza ubovu wa pili juu ya ule ambao haukuwepo.

Jeki ndiyo swichi

Gitaa la mbao lenye priampu ubavuni halina kitufe cha kuwasha na kuzima. Ukikitafuta hutakiona. Swichi yake ni lile tundu unalochomeka waya. Ndani ya tundu kuna miguso mitatu: wa ncha, unaobeba sauti; wa pete, ulio katikati; na wa mwili, ambao ndio ardhi, yaani njia ya umeme kurudi. Upande hasi wa betri umefungwa kwenye mguso wa pete. Plagi ya kawaida ya gitaa ina sehemu mbili tu, ncha na shina refu. Ikiingia, shina linagusa pete na mwili kwa pamoja, njia ya betri inakamilika, priampu inawaka. Ukichomoa, inazima.

Maana yake ni kwamba waya ikiwa ndani, betri inaliwa, uwe unapiga au umelala, sauti iwe juu au umeishusha hadi mwisho. Kuzima amplifaya hakusaidii. Na hapa kwetu kuna mtego mmoja ambao vitabu vinavyokuja na magitaa haviutaji: umeme unakatika katikati ya mazoezi, kila mtu anaegemeza chombo chake ukutani na kutoka nje kupiga soga. Spika kimya, taa za miksa zimezima, mtu anaona kila kitu kimelala. Gitaa halina habari kwamba umeme umekatika. Lina umeme wake tumboni, na linaendelea kuula hadi utakaporudi Jumamosi.

Piga hesabu uone. Betri nzuri ya alkalaini ya volti 9 hubeba takriban miliampea-saa 500, yaani inaweza kutoa miliampea 1 kwa saa 500. Tuseme priampu yako inakula miliampea 3. Waya ikiachwa baada ya ibada ya Jumapili hadi Jumapili inayofuata, hizo ni saa 168. Zidisha kwa 3, unapata 504. Betri nzima imekwenda bila kupigwa wimbo hata mmoja. Gitaa hilohilo likiwa linachomolewa kila mara, na wewe unalipiga saa 6 kwa wiki, betri hiyo itakufikisha zaidi ya miezi sita.

Uwe na nini mkononi

- Multimita, kile kipimo cha umeme. Ile ndogo ya njano ya bei rahisi inatosha kabisa, mradi ina sehemu ya kupima miliampea na ile ya mlio, inayolia ncha zake mbili zikiunganishwa.
- Waya ya gitaa ya kawaida. Tazama plagi: iwe na mstari mweusi mmoja tu. Yenye mistari miwili ni ya stereo, na itakudanganya, nitaeleza mbele.
- Betri mpya ya alkalaini.
- Waya mbili fupi zenye vibanio vya meno ncha zote mbili.
- Bisibisi ndogo ya nyota, na spana inayoingia kwenye nati ya jeki.
- Spiriti safi na vijiti vya pamba vya masikio.
- Simu ya kupigia picha kabla ya kufungua kitu chochote.
- Pasi ya kulehemu na jeki mpya ya stereo (yenye miguso mitatu), lakini hivi usinunue sasa. Huenda usivihitaji.

Kuhusu betri niseme zaidi, maana hapa ndipo fedha zinapotea. Katika maduka ya mtaani utakuta betri mbili za volti 9 zinazofanana umbo, moja bei yake ni nusu ya nyingine. Ile ya bei ya chini kwa kawaida ni ya zinki na kaboni, na mara nyingi imeandikwa kwa herufi kubwa "Heavy Duty", maneno yanayomfanya mtu aamini kwamba ndiyo yenye nguvu. Ni kinyume. Ndiyo dhaifu, na ndiyo huvuja upesi ikisahauliwa ndani ya gitaa. Usisome maneno makubwa, soma namba ndogo. Alkalaini huandikwa 6LR61. Ya zinki huandikwa 6F22. Tazama pia tarehe ya mwisho, na kama muuzaji anakuruhusu, ipime hapohapo dukani. Anayekataa betri yake isipimwe, mimi huwa namuaga.

Za kuchaji zinafaa, lakini ujue unachonunua. Zile za nikeli hubeba umeme kidogo, nyingi karibu miliampea-saa 200, na hupungua zenyewe zikikaa tu. Zile za lithiamu zenye tundu la kuchajia kama simu zina saketi ndani inayopandisha volti, na katika baadhi ya magitaa saketi hiyo huleta mvumo au mlio mwembamba kwenye spika. Pia hazififii polepole. Zinakata ghafla, katikati ya wimbo.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha gitaa lako linatumia betri. Usicheke. Kuna pikapu (vinasa sauti vya gitaa) zisizohitaji betri kabisa, na nimeshaletewa gitaa la namna hiyo mwenyewe akitafuta mahali pa kuweka betri aliyoinunua. Tafuta kijumba chenye mlango mdogo ubavuni karibu na vitufe vya sauti, au chini karibu na jeki. Usipokiona, ingiza mkono kwenye tundu la sauti upapase upande wa shingo. Baadhi hufungwa humo ndani ya kimfuko cha kitambaa. Kama lako linatumia betri mbili ndogo za AA badala ya moja ya volti 9, utaratibu ni uleule, ila jumla ya volti ni 3.

2. Pima betri kabla ya kuiamini. Weka multimita kwenye volti za DC, alama ya 20. Betri mpya ya alkalaini ya volti 9 huonyesha kati ya 9.3 na 9.6. Ikionyesha chini ya 9 na umeitoa dukani leo, si mpya. Kumbuka pia kwamba betri iliyochoka inaweza kuonyesha namba nzuri ikiwa haina kazi, halafu ikaanguka ikipewa mzigo. Ndiyo maana betri ya zamani naipima ikiwa ndani ya gitaa na waya imechomekwa. Nikiona chini ya 7.5, naibadilisha hata kama sauti bado inatoka, kwa sababu hapo ndipo ukwaruzaji huanza kubisha hodi.

3. Pima mkondo waya ikiwa nje. Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Chomoa kila kitu kwenye jeki. Toa betri. Kama betri yako inavalishwa kofia yenye waya nyekundu na nyeusi, izungushe kofia hiyo ili upande chanya tu uingie na upande hasi ubaki ukining'inia nje. Kwenye betri, kifungo kidogo cha duara ndicho chanya, kile kikubwa chenye mdomo wa meno ndicho hasi.

Weka multimita kwenye miliampea za DC, anza na 200. Gusisha waya nyeusi ya mita kwenye upande hasi wa betri, nyekundu kwenye mguso hasi wa kofia ulioachwa wazi. Sasa mita imekaa katikati ya njia, kama askari wa kizuizi anayehesabu kila gari linalopita.

Kama betri yako huingia kwenye droo isiyo na kofia, acha betri nje, unganisha upande chanya na mguso chanya wa droo kwa waya ya vibanio, kisha mita ishike upande hasi kama nilivyoeleza. Hapa kuwa mwangalifu sana na pande. Kugeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde moja, kunaweza kuua priampu isiyo na kinga ndani yake. Ile kofia ilitengenezwa ili usikosee. Ukiiruka, wewe ndiye kinga.

Soma namba. Subiri sekunde 10 hivi, maana mwanzoni kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo vya priampu, zinajijaza na namba inaruka. Inapotakiwa kutulia ni sifuri. Shuka hadi alama ya 20, kisha 2000 ya mikroampea. Bado sifuri? Vizuri, jeki yako inazima inavyotakiwa.

Onyo ambalo limekula fyuzi za multimita nyingi: usiguse pande mbili za betri moja kwa moja mita ikiwa kwenye miliampea. Hapo hupimi gitaa, unaipitishia betri nzima ndani ya mita. Volti hupimwa kwa kugusa pande mbili za betri. Mkondo hupimwa kwa kukata njia na kukaa katikati. Na ukimaliza, irudishe mita kwenye volti kabla hujaiweka chini, kwa sababu mtu atakayeishika baada yako hatatazama.

4. Chomeka waya ya gitaa, soma tena. Rudi kwenye 200 kwanza. Priampu nyingi hukaa kati ya nusu miliampea na 5. Ukibonyeza tyuna, ile sehemu ya kulinganishia nyuzi, na taa zake zikawaka, namba itapanda, pengine mara mbili au tatu, na hilo ni la kawaida. Andika namba zote mbili kwenye karatasi, ubandike ndani ya kifuniko cha betri. Siku gitaa likisumbua tena baada ya mwaka, utashukuru.

Sasa gawa 500 kwa namba uliyoipata. Jibu ni saa ambazo betri ya alkalaini inaweza kukupa. Namba ikiwa 2, ni saa 250. Ikiwa 5, ni 100. Sasa kama unapiga mkesha wa saa nane kila Ijumaa na mazoezi mara mbili kwa wiki, na gitaa lako linakula 5, betri ya miezi miwili si ugonjwa. Ndiyo hali yake.

5. Chomoa, tazama namba ikirudi sifuri. Rudia mara tano au sita. Jeki inayochoka haikosei kila mara. Inazima mara nne na kugoma mara ya tano. Ukichomoa, tikisa gitaa kidogo, ligonge taratibu upande wa jeki kwa kiganja. Namba ikiruka kutoka sifuri hata mara moja, umemshika mwizi. Kama tyuna yako inafanya kazi bila waya, izime kwanza; baadhi hujizima zenyewe baada ya muda, nyingine hubaki zikiwaka hadi asubuhi.

Kama kila kitu kinarudi sifuri na namba ya kupiga ni ya kawaida, simama hapa. Usifungue kitu. Gitaa lako ni zima, na kilichobaki ni mazoea. Ruka hadi chini kwenye orodha ya matatizo.

6. Jaribu jeki bila kuifungua. Toa betri kabisa. Weka multimita kwenye mlio. Ncha moja iguse mguso hasi wa kofia ya betri, nyingine iguse chuma cha nje cha jeki. Bila waya, iwe kimya. Ukichomeka plagi ya kawaida, ilie. Ikilia hata bila plagi, pete na mwili vimegusana mahali fulani, na jeki inabidi ifunguliwe. Baadhi ya priampu huwashwa kupitia saketi badala ya mguso wa moja kwa moja, na hizo zinaweza kukaa kimya muda wote katika jaribio hili. Kwa hizo amini namba za hatua ya 3 hadi ya 5.

7. Fungua jeki. Piga picha kwanza. Kama jeki imekaa kwenye bamba lenye skrubu, kazi ni nyepesi. Kama ni ile ndefu inayopita kwenye kitufe cha kufungia mkanda chini ya gitaa, legeza nyuzi ili mkono upite kwenye tundu la sauti, fungua kichwa cha kitufe, na utaona kitundu chembamba kwenye bomba la jeki. Pitisha msumari mwembamba humo ulishike lisizunguke wakati unalegeza nati. Wanaokaza nati bila kushika bomba ndio chanzo cha ugonjwa huu katika nusu ya jeki ninazofungua: jeki nzima inazunguka, nyaya zinajisokota ndani gizani, mwishowe mbili zinagusana au moja inakatika.

Kabla hujaivuta jeki ndani, funga uzi mrefu kwenye bomba lake na uache ncha ikitoka nje ya tundu. Wakati wa kuirudisha, uzi utaivuta kurudi mahali pake. Bila uzi utakaa nusu saa ukiivua kama samaki.

8. Tafuta kinachogusana, safisha. Angalia ulimi wa pete kama umepinda ukaegemea mwili. Angalia tone la risasi la kulehemu lililovuka kutoka kiguu kimoja hadi kingine, au unyuzi mmoja wa waya uliotoka nje ya kundi. Angalia kutu na ukungu wa kijani, hasa kama gitaa linakaa karibu na ziwa au lilinyeshewa juu ya boda katika mvua za Machi hadi Mei. Uchafu wenye unyevu unapitisha mkondo mdogo, si wa kuwasha priampu vizuri, ila wa kutosha kunywa betri kimyakimya.

Safisha kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, acha ikauke. Usitumie mafuta ya taa, petroli wala mafuta ya kulainisha bawaba. Yanaacha utando unaoshika vumbi, na baada ya mwezi unarudi palepale. Ulimi uliopinda usiuvute kwa nguvu. Usogeze kidogo kwa koleo, pima mlio, sogeza tena.

Ukikuta betri ilivuja, vaa glavu. Uchafu wa alkalaini hufutwa kwa kijiti chenye tone la maji ya limau au siki; uchafu wa betri ya zinki hufutwa kwa magadi kidogo yaliyoyeyushwa. Kisha spiriti. Usimwage, gusa tu.

9. Ikibidi kubadilisha, nunua jeki ya stereo. Hapa nitajisema mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo niliwekewa mezani gitaa la mzee mmoja mpiga kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda wa gitaa, jeki imevunjika. Sikuwa na ya miguso mitatu, nilikuwa na ya miwili, na nikajiambia sauti ni ile ile. Waya nyeusi ya betri ikabaki haina pa kwenda, nikaiunga pamoja na ardhi. Sauti ikatoka safi. Mzee akafurahi, akalipa, akaenda. Baada ya siku chache akarudi betri imekufa, nikamuuzia nyingine. Akarudi tena. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeondoa swichi ya gitaa lake: priampu ilikuwa inawaka mchana na usiku, waya iwepo isiwepo. Nilimrudishia fedha za betri. Tangu siku hiyo, gitaa lililopita kwa fundi mwingine likija na lalamiko la betri, kitu cha kwanza ninachohesabu ni viguu vya jeki.

Viguu vitatu, basi. Kabla ya kuyeyusha risasi, toa betri. Hamisha waya moja, kisha inayofuata, kila moja kwenye kiguu chenye kazi ileile: sauti kwa ncha, hasi ya betri kwa pete, ardhi kwa mwili. Usizikate zote kwa pamoja ukitegemea kumbukumbu. Nyaya nyingi humo zina rangi moja.

10. Rudisha, kisha rudia hatua ya 3 hadi ya 5 kabla ya kukaza nyuzi. Nikisema kabla, namaanisha kabla.

Ukikwama

*Betri mpya, waya imechomekwa, gitaa kimya.* Tazama plagi. Ya stereo haiunganishi pete na mwili, kwa hiyo priampu haiamki, au sauti inatoka hafifu kama ya jirani. Waya hizi huingia makanisani kutoka kwenye vifaa vya kinanda na kuchanganywa kwenye kapu moja. Kama plagi ni sahihi, bana taratibu miguso ya kofia ya betri; hulegea kwa kuvuliwa mara nyingi.

*Mkondo ni sifuri waya ikiwa nje, wa kawaida ikiwa ndani, lakini betri bado haimalizi mwezi.* Waya inabaki ndani na hujui. Waulize watoto, waulize wanaofanya usafi, muulize anayepiga ibada ya pili. Siku hizi mkosaji mwingine ni kile kirusha sauti kidogo kisicho na waya: mtu anakizima, anakiacha kimechomekwa kwenye gitaa. Kwa priampu, plagi ni plagi, iwe ya kifaa kilichozimwa au la. Plagi iliyochomolewa nusu nayo haiaminiki, kwa sababu shina lake huenda bado limegusa pete. Ukitaka kuacha waya kwenye miksa kwa ajili ya wiki ijayo, iache, ila upande wa gitaa uwe nje.

*Sauti inaanza safi, baada ya dakika 20 inakwaruza.* Betri ni ya zinki, au ni ya zamani iliyojipumzisha. Pima volti waya ikiwa ndani na tyuna ikiwaka.

*Mkondo uko juu, kama 15 au zaidi, tyuna ikiwa imezimwa.* Jeki haina hatia hapa. Kuna kitu ndani ya priampu, mara nyingi unyevu au kapasita inayovuja. Kama liliwahi kunyeshewa, toa betri, fungua mlango wa priampu, liache siku mbili mahali pakavu penye hewa. Usilianike juani, gundi ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, itaachia na utakuwa na kesi kubwa zaidi. Likikauka na namba haijashuka, hapo ndipo pa kumpelekea fundi, na umpe zile namba ulizoandika. Kwa magitaa ya bei ya chini, kubadilisha priampu nzima kwa nyingine ya ukubwa uleule mara nyingi ni nafuu kuliko kuwinda kapasita moja.

*Namba inacheza ukitikisa waya.* Nati ya jeki imelegea. Kaza, ukiwa umeshika bomba.

*Gitaa halipigwi kwa zaidi ya mwezi.* Toa betri. Iwekee kipande cha utepe wa umeme juu ya vifungo vyake, au irudishe kwenye kipakiti ilichokuja nacho.

*Betri ya akiba.* Usiitie mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Pande zake mbili ziko karibu, sarafu moja inatosha kuziunganisha, na betri ya volti 9 iliyounganishwa hivyo hupata moto wa kuunguza kitambaa. Hali kadhalika, ukigusa betri ndani ya gitaa ukaikuta ina joto, usisubiri kupima. Itoe kwanza, uiweke juu ya sakafu ya saruji, halafu ndipo uanze hatua ya 6.

*Hakuna multimita na ibada ni kesho.* Weka betri mpya, piga, ukimaliza toa betri yenyewe, usiishie kuchomoa waya tu. Jumapili ijayo irudishe. Ikiwa bado na nguvu, jeki ndiyo ya kuchunguza. Ikiwa imekufa ilhali ilikuwa mezani, rudi kwa aliyekuuzia.